Kikombe cha Saba

Siku niliyoagwa, Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Disemba, walimu vijana wa skuli yetu walinizawadia doti ya kanga, saa ya ukutani na daftari kubwa lenye jalada gumu. Kanga nimeipinda na nimeivaa. Saa si kitu cha kupewa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, lakini nimeitundika kwa heshima. Daftari ndilo lililonisumbua, kwa sababu Mwalimu Rukia, aliyelikabidhi kwa niaba ya wenzake, alisema mbele ya wageni: "Bi Mwanahamisi, tuandikie namna ulivyokuwa ukisomesha mahitaji na matakwa, ili nasi tufuate njia yako." Watu wakapiga makofi. Nilishukuru, nikaketi. Kwa muda wa mwezi mzima sikuandika hata herufi moja, kwani katika njia hiyo ipo sehemu ambayo sitaki mtu aifuate.

Vyeo sitavieleza, wala mishahara. Anayevitaka ataviona katika jalada langu la utumishi. Tarehe nimezinakili kutoka katika madaftari yangu ya maandalio ya masomo, ambayo sikuwahi kutupa hata moja.

Nilichelewa kusoma. Nilianza kujua herufi katika darasa la kisomo cha watu wazima nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, tayari nimeolewa. Shangazi yangu aliposikia kwamba nimeingia darasani alicheka akasema, "Hiyo ni hamu ya mimba, mwanangu. Leo embe bichi, kesho kalamu. Itapita." Mimba ilipita, na mtoto akazaliwa, hamu ya kalamu haikupita. Marehemu mume wangu, Haji, alikuwa fundi cherahani katika Mji Mkongwe, na ndiye aliyenishonea sare nilipoingia sekondari nikiwa na watoto wawili. Alikuwa akiwaambia wateja wake, "Huyu ndiye mwanafunzi pekee anayeniuliza kama nimekula." Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka ishirini na sita, na chuo cha ualimu nikiwa na thelathini. Nayataja haya si kwa kutaka sifa, ingawa sifa sijawahi kuzikataa. Nayataja kwa kuwa mtu aliyekipata kitu kwa kujinyima huwa mwepesi wa kuamini kwamba kujinyima ni dawa ya kila jambo. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, tarehe sita Januari, katika skuli moja ya mjini. Nilipewa darasa la tatu, watoto arubaini na wanane, na ubao uliokuwa na ufa katikati, hata ikawa kila neno refu linavunjika. Mada ya kwanza katika kitabu ilikuwa "Mahitaji ya lazima kwa afya ya mwanadamu." Niliisoma orodha kwa sauti: chakula, maji, mavazi, malazi, usingizi. Watoto wakaikariri vizuri sana. Kisha nikauliza, "Nani atanitajia kitu ambacho hatuwezi kuishi bila ya kuwa nacho?" Mikono ikapanda. Wa kwanza akasema, "Televisheni." Wa pili akasema, "Mchezaji wa namba tisa."

Nyuma ya darasa alikuwa ameketi Bi Zainabu, mwalimu mkongwe aliyepewa jukumu la kuniangalia. Alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Kengele ilipolia aliniambia, "Bi Mwana, umewapa majina, hukuwapa vitu. Mtoto hasomeshwi afya, huishika."

Kwa hiyo tukawapa cha kushika. Bi Zainabu alinifundisha kusuka pakacha kwa makuti mabichi, nikasuka mawili: moja tukaliita Lazima, la pili tukaliita Hamu, kwa kuwa hayo ndiyo maneno watoto waliyokuja nayo kutoka majumbani mwao. Tulikata maboksi ya tambi tukachora kadi: samaki, sabuni, soda, chandarua, kandambili, mswaki, ubuyu wa rangi, kitanda, simu. Mtoto huchukua kadi, huionyesha kwa wenzake, husema kwa nini, kisha huitia katika pakacha moja. Pakacha la makuti hukauka na kuvunjika baada ya wiki sita, kwa hiyo kila muhula nilisuka mapya. Walimu wengine walinishauri ninunue ndoo za plastiki. Niliwajibu kwamba mtoto akiona mwalimu wake anasuka kitu kwa ajili yake, hukaa kimya bila ya kuambiwa. Mbinu hiyo bado naipendekeza.

Mjadala ndio uliokuwa somo lenyewe. Namkumbuka mtoto mmoja, Khamis, aliyeshika kadi ya halua akasimama nayo kati ya mapakacha mawili kama mtu aliye njia panda.

"Haya, Khamis. Lazima au hamu?"

"Hamu, Mwalimu. Ila siku ya Sikukuu ni lazima."

"Nani kasema?"

"Bibi."

"Basi ntamwita bibi yako aje asomeshe yeye."

"Atakuja, Mwalimu, lakini atataka kahawa."

"Na kahawa ni lazima au hamu?"

"Kwake lazima. Asipoinywa sote nyumbani tunakiona."

Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao. Mwaka ule watoto kadhaa waliacha kununua soda getini. Mama mmoja alikuja kunilalamikia kwamba mwanawe anamkatalia asinunue vipodozi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Haji, naye akaniuliza kama cherahani yake iko katika pakacha la lazima au vipi, ajue mapema.

Katika mwezi wa mwisho wa mwaka huo, Bi Zainabu, aliyekuwa akikaribia kustaafu, aliniambia neno moja ambalo nililiandika nyuma ya daftari langu la maandalio: "Mtoto hulijua jina la anachokitamani. La anachokihitaji hulijua mara chache. Akikuomba jambo moja mara tatu, usimpe wala usimnyime. Kwanza muulize." Nililiandika kwa wino mwekundu nikalipigia mstari. Nilidhani kwamba kuliandika ndiko kulishika.

Haji alifariki katika mwaka wangu wa kumi na moja kazini, Jumapili, tarehe ishirini na tatu Septemba. Nilikaa eda nikaimaliza, kisha nikaomba uhamisho, kwa kuwa kila kichochoro cha Mji Mkongwe kilikuwa kinaniletea sauti ya cherahani. Nikapelekwa kwenye skuli ya kijiji kimoja cha pwani ya kusini-mashariki, upande wa Jambiani. Sikuolewa tena, na si kwa kukosa wa kuniposa. Niliwalea wanangu kwa kalamu ile ile iliyoambiwa itapita. Kichwa changu kilikuwa juu, na kijijini nikaheshimiwa. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mwani, miguu yao ikiwa bado na mchanga, walikuwa wakisimama kunisalimu na kunipa watoto wao kwa maneno haya: "Mwalimu, huyu wako. Mfunze utu."

Nafika sasa kwa Nasra.

Nasra alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, katika mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Mama yake, Bi Pili, alikuwa mkulima wa mwani. Baba alikuwa ameoa kwengine. Mtoto alikuwa mchangamfu na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wawili ninaowajua. Alikuwa akikaa safu ya pili, karibu na ndoo ya maji.

Lazima niieleze ndoo hiyo. Msimu wa joto wa kaskazi mwaka ule ulikuwa mkavu, na mfereji wa skuli, bomba letu pekee, ulikuwa ukitoa maji siku mbili kwa wiki, wiki nyengine hata hizo mbili hautoi. Watoto wa zamu walikuwa wakichota maji kisimani, wakiyabeba kwa madumu, tukiyatia katika ndoo yenye kifuniko na kikombe cha mkono. Ndoo moja, watoto hamsini na mmoja. Ilipokwisha kabla ya saa tano, watoto wa zamu walirudi tena kisimani katika jua.

Jumatatu, tarehe tisa Februari, niliandika katika daftari langu: "Nasra anakunywa sana. Anaomba ruhusa ya chooni kila kipindi. Achunguzwe nidhamu." Nawaombeni muirudie sentensi hiyo ya mwisho. Niliona dalili zote mbili, nikaziandika kwa hati nzuri, nikazipa jina lisilokuwa lake.

Watoto nao waliona. "Mwalimu, Mfereji huyo keshaamka!" walikuwa wakisema kila aliponyanyuka, na jina la Mfereji likamkaa. Ningeweza kulikomesha kwa neno moja. Sikulisema, kwa kuwa nilidhani kutaniwa kidogo kutamsaidia kujizuia. Siku nyengine mimi mwenyewe nilitabasamu.

Alianza pia kukonda. Nilimwona akila mkate wake na nusu ya mkate wa jirani yake, huku sare ikimpwaya. Nikafikiri: ukuaji huo. Nikafikiri tena: uroho huo. Sikufikiri mara ya tatu.

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi, alikuja mkaguzi kuliangalia somo langu la mapakacha, kwa kuwa sifa zake zilikuwa zimefika mjini. Nilisuka mapya usiku wa kuamkia siku hiyo. Somo lilikwenda vizuri. Kadi ya maji ilipotoka, ilikuwa mikononi mwa Nasra.

"Lazima," akasema, akaitia katika pakacha la Lazima. Ilikuwa sahihi kabisa, na hapo ningemwambia akae.

Lakini nilikuwa na mkaguzi, na nilikuwa na jambo la kuonyesha. Nikaitoa ile kadi nikamrudishia. "Darasa, kikombe cha kwanza cha maji ni nini?"

"Lazima!"

"Cha pili?"

"Lazima!"

"Na asubuhi moja tu, wenzako wana kiu, cha saba?"

Wakacheka, wakamgeukia. "Hamu!" wakajibu kwa pamoja, na mmoja akaongeza, "Hamu ya Mfereji!"

 Nasra akaitia kadi ya maji katika pakacha la Hamu, taratibu, kama mtu anayelaza kitoto. Akarudi kukaa. Mkaguzi aliandika. Mwisho wa kipindi alinipa mkono akasema hajapata kuona mada hiyo ikifika mbali namna ile. Somo lile, pamoja na kikombe chake cha saba, lilichukuliwa likasomeshwa katika skuli nyengine. Huenda wadogo zenu waliosoma darasa la tatu miaka hiyo waliliimba. Natamani wasingeliliimba.

Tangu siku hiyo Nasra alikunywa vikombe viwili tu kabla ya saa sita, wala hakuomba zaidi. Nilimsifu mbele ya darasa. Hivyo Ijumaa, hivyo Jumatatu. Alikuwa akiegemeza shavu kwenye dawati na kulamba midomo. Nikamwambia akae wima.

Jumanne, tarehe kumi na saba Machi, katika kipindi cha tatu, alitapika, akashika tumbo, na aliponyanyuka akaanguka. Pumzi yake ilikuwa ndefu na ya haraka, na ilikuwa na harufu kama ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wanawake wote walikuwa mwanini, kwa kuwa bahari ilikuwa imekupwa. Nilimtuma mwalimu mmoja amfuate Bi Pili, nikamchukua mtoto kwa mikono yangu, tukapata gari la jirani wa skuli. Mwalimu mkuu alipanda mbele. Mimi nilikaa nyuma, kichwa cha Nasra kikiwa mapajani mwangu.

"Mwalimu," akaniambia njiani.

"Naam, mwanangu."

"Nna hamu ya maji."

Hakusema ana kiu. Alisema ana hamu.

Katika kituo cha afya tulipokelewa na daktari kijana, mpole, aliyemlaza mtoto na kuanza kuuliza haraka haraka. Tangu lini? Ametapika mara ngapi? Ana homa? Kisha akanigeukia akaniuliza swali ambalo nimelisikia kila siku tangu hapo. "Mwalimu, siku hizi anakunywa maji sana? Anakwenda haja ndogo mara kwa mara?"

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mimi ndiye mwalimu wa somo la afya, niliyesifiwa na mkaguzi siku tano kabla. Kama ningejibu kweli, ningelazimika pia kusema kwamba alikuwa akinywa na kwamba nimemzuia.

Nikajibu, "Kawaida."

Neno moja. Daktari aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye kipimo cha malaria, kwa kuwa ndicho kinachoanzwa kwa mtoto anayetapika. Wala hakukosea, alifuata alichoambiwa. Bi Pili alifika akiwa na nguo za mwanini, zimemrowa hadi kiunoni. Mtoto akatundikiwa maji, jioni akaonekana kama amepata nafuu, asubuhi ya Jumatano akawa haitikii. Hapo ndipo alipopelekwa hospitali ya mjini, na huko kidole chake kilipotobolewa tu, sukari ikaonekana. Nasra alikuwa na kisukari, kile kinachowapata watoto, ambacho mwili huacha kutengeneza dawa yake wenyewe. Kiu ile ilikuwa ni mwili unajaribu kuiosha damu.

Alifariki Ijumaa, tarehe ishirini Machi, kabla ya adhana ya adhuhuri. Tulimzika siku hiyo hiyo.

Baadaye, nilipopata ujasiri, nilirudi kwenye kituo kile nikamuuliza daktari kijana kama kifaa cha kupimia sukari kilikuwepo Jumanne ile. Alinionyesha kabati. Kilikuwa pale, hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama. Kama angepimwa wakati ule, je, angepona? Alisema hawezi kuapa, lakini saa zile zilikuwa na maana. Hakuniuliza kwa nini nauliza. Nami sikumwambia.

Kwenye khitma ya siku ya tatu, Bi Pili alinishika mikono yote miwili mbele ya wanawake wenzake. "Mwalimu, Mungu akulipe. Ulimchukua mwanangu kwa mikono yako." Wanawake wakaitikia amina. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaitumia kulia. Kilio kile watu walikihesabu kuwa ni mapenzi, na sikukikana.

Walimu wenzangu, haya yanayofuata ndiyo ya kufuata.

Tangu muhula uliofuata niliongeza kitu cha tatu kati ya mapakacha mawili: mkeka mdogo. Kadi ambayo darasa halina hakika nayo hulazwa hapo, na inakaa hapo mpaka tumuulize mtu anayejua: mama, muuguzi, au mtoto mwenyewe. Kila mwaka mkeka ulikuwa na kadi nyingi kuliko mapakacha, na hiyo ndiyo hali ya kweli ya dunia. Kadi ya maji haikugeuzwa tena kuwa mtego. Mtoto anayeomba maji hupewa maji. Kama ndoo imekwisha, ndoo ndiyo iliyokosea.

Mtoto anayekunywa kupita wenzake, anayekwenda chooni mara kwa mara, anayekula na huku anakonda, anayechoka bila ya sababu, si mtovu wa nidhamu. Mpelekeni apimwe sukari siku hiyo hiyo, msingoje Jumatatu. Akitapika na pumzi yake ikanukia kama tunda lililooza, msingoje hata kengele.

Na hamu yenyewe msiidharau. Miaka mitatu baada ya Nasra, nilikuwa na msichana aliyekuwa akibandua udongo wa ukuta wa darasa na kuula. Wenzake walimcheka, niliwanyamazisha kabla ya jina kumkaa. Nilimuuliza mara tatu, kwa siku tatu, faraghani. Siku ya tatu akaniambia anausikia udongo ukimwita. Tulimpeleka kupimwa: minyoo tele, na damu imepungua mno. Alitibiwa, akaacha udongo, na leo ni mama wa watu. Mwalimu mwenzangu aliniambia, "Unaona, Bi Mwana, huyu umemlipia yule." Nilimkatalia. Mtoto hamlipii mtoto mwenzake. Kila mmoja alikuwa na mama yake.

Nilifanya kazi miaka kumi zaidi. Katika miaka hiyo nilikuwa nikimwona Bi Pili harusini, msibani, njiani, na kila mara alinisalimu kwa heshima ile ile, na kila mara niliitikia marahaba kama mtu anayemeza mfupa. Baadaye maji ya bahari yakazidi joto, mwani ukawa unakufa, magoti yake nayo yakachoka. Akahamia Kiembe Samaki, mjini, kwa binti yake mkubwa, wanatengeneza sabuni za mwani.

Daftari la jalada gumu lilipokaa mwezi mzima bila ya kuandikwa, nilijua kwamba sitaweza kuwaandikia nyinyi jambo ambalo sijamwambia yeye. Jumamosi, tarehe kumi na saba Januari, nilikwenda Kiembe Samaki.

Nilimkuta uani, mbele yake meza fupi, anakata mche wa sabuni kwa kisu chembamba.

"Shikamoo, Mwalimu! Leo nyota zimetoka mchana."

"Marahaba, Bi Pili. Hujambo?"

"Sijambo, namshukuru Mungu. Karibu kitako. Ukiona nakata usikasirike, sabuni ikishakuwa ngumu haikatiki."

Niliketi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kama andalio la somo, utangulizi na hatua zake, na yote yakanipotea. Nikamwambia tu: kwamba Nasra alikuwa na kiu, na kwamba mimi nilimfundisha mbele ya watu kuiita hamu, na kwamba alikufa akiwa ameacha kuomba maji darasani kwa sababu yangu.

Kisu hakikusimama. Kilikata vipande vitatu, kimoja baada ya chengine.

"Hilo nalijua, Mwalimu," akasema. "Alinambia siku ile ile. Alirudi, akavua mtandio, akanambia, 'Mama, Mwalimu kasema kikombe cha saba ni hamu.' Na mie nikamwambia, basi msikilize Mwalimu. Pale nyumbani alikuwa akiumaliza mtungi. Nikaufunika, nikaweka jiwe la kusagia juu ya kifuniko, asiweze kulinyanyua." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mie sijui kusoma. Nikasema, anayejua kasema."



"Miaka yote hii nikikuona naona haya," akaendelea. "Nikisema, siku Mwalimu akijua kwamba nilimwekea jiwe mwanangu, hatanitazama tena. Kumbe na wewe ulikuwa na lako." Akapangusa macho kwa mkono wa nguo, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Basi nisamehe, Mwalimu. Na mie nshakusamehe zamani. Tulikuwa wawili."

Ningeliweza kuishia hapo. Nilikuwa nimesamehewa, na chai ilikuwa inakuja. Niliisikia sufuria jikoni. Nilijiona nikinyanyuka pale nikiwa mwepesi, nikirudi nyumbani, nikiwaandikia nyinyi kisa kizuri cha wanawake wawili waliosameheana.

"Bi Pili, liko la pili," nikamwambia.

Nikamweleza kuhusu daktari kijana, swali lake, na jibu langu.

Kisu akakiweka mezani.

"Kawaida," akalirudia neno, kana kwamba anaonja kitu. "Alikuuliza khasa? Kuhusu maji?"

"Aliniuliza khasa."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nimevihesabu."

Binti yake alitoka na chai, akatuona, akairudisha ndani bila ya kuambiwa. Bi Pili alizikusanya sabuni moja moja, akazipanga katika kisanduku, akakifunika kwa kitambaa. Alichukua muda mrefu kuziba pembe zake.

"La mtungi ni letu sote, Mwalimu," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, bila ya ukali. "Hilo la pili ni lako."

Nikamwambia kwamba nataka kuyaandika haya kwa ajili ya walimu waliobaki kazini, na kwamba akikataa sitaandika.

"Andika. Na jina lake liandike, si mtoto mmoja tu. Alikuwa na jina."

Alinisindikiza hadi mlangoni, kama inavyopasa, akanifungulia komeo na kunishikia mlango. Tukaagana kwa salamu. Hakuniambia karibu tena.